Modeli ya gari ya zamani ya plastiki: anza na bodi, injini itangoja

Mwezi haupiti bila mtu kubisha mlango wangu hapa Majengo, Mombasa, na bodi ya gari imefungwa kwa gazeti, na nikiifungua hadithi ni ile ile. Injini imepakwa rangi mpaka waya za plagi, siti zinapendeza, chasisi safi, alafu bodi haikai. Mlango wa kushoto umechomoza nje, boneti imekataa kulala, na mwenyewe ashatia gundi kila mahali kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Nimechoka kueleza mdomo kwa mdomo, naandika mara moja, atakayekuja tena ntamtumia hii.

Nazungumzia zile seti ngumu za Marekani za vipande vya plastiki vya kuunganisha kwa gundi, za kipimo cha 1/25 (modeli ni ndogo mara 25 kuliko gari halisi), za miaka ya 60 na 70. (Naita seti, maana nikiandika "kiti" mtadhani nauza fanicha.) Mfano wangu ni Chevrolet Bel Air ya 1957 ya kampuni ya Revell, ile iliyotoka mwanzo wa miaka ya 60, kwa sababu ndiyo iliyonitesa mimi mwenyewe. Milango inafunguka, boneti inafunguka, buti linafunguka, na kila kinachofunguka ni mahali pengine pa kukosea. Gari halisi lilikuwa na urefu wa mita 5 na kidogo, kwa hiyo modeli inatoka kama sentimita 20. Lakini ukiwa na seti nyingine ya umri huo, mambo ni haya haya.

Tatizo ni kwamba karatasi ya maelekezo inaanza na injini na sisi tunaifuata kama dawa ya daktari. Injini ni rahisi na inafurahisha, ndo maana wanaanza nayo. Lakini injini haijawahi kumshinda mtu, bodi ndiyo inayoshinda watu. Kwa hiyo utaratibu wangu uko kichwa chini: bodi kwanza, milango pili, gari zima linajaribiwa bila gundi, ndo mengine yafuate.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua sanduku

- Gundi ya modeli ya majimaji, ile yenye brashi kwenye kifuniko. Hii haishikishi tu, inayeyusha plastiki ya pande mbili zikawa kitu kimoja. Mimi huagiza pamoja na seti.
- Supaglu kidogo kwa waya na vitu vya chuma, na gundi nyeupe ya mbao kwa ajili ya vioo peke yake.
- Msasa wa maji namba 400, 600, 1000 na 2000. Nenda duka la rangi za magari, wa hardware wa kawaida ni mkali mno.
- Kisu chembamba cha kubadilisha wembe, kikata kucha kipya na kibano cha nyusi.
- Maskingi tepu, rababendi, vibanio vya nguo.
- Praima ya kijivu, rangi yako, na vijiko vya plastiki vya kutupa kama kumi hivi. Vijiko usiviache, utaona kazi yake.
- Sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, Jik.
- Kipande cha kioo cha dirisha cha futi moja kwa moja. Fundi vioo ana vipande amevitupa pembeni, mwambie akusugulie kingo usijikate.
- Tepu nyeupe nyembamba ya fundi bomba, ile ya kuzungushia nati za mabomba.
- Sinia na leso kuukuu. Leso unaitandika ndani ya sinia, kipande kikidondoka hakiruki.

Onyo moja kabla ya yote: thina ya rangi za magari, petroli na dawa ya kutoa rangi ya kucha viwe mbali na plastiki hii. Ni polistairini, inayeyuka kama sukari kwenye chai. Nshaona mtu amefuta alama ya kidole kwa thina, akabaki na boneti yenye makunyanzi.

## Hatua ya 1: Toa matairi humo ndani, leo hii

Hata kama utaanza kuunda mwaka ujao, hii ifanye leo. Matairi ya zamani ni ya vinaili laini, na kinachoyalainisha ni mafuta fulani ambayo hayatulii, polepole yanatoka na kuingia kwenye plastiki yoyote inayogusana nayo. Plastiki inaliwa.

Mimi seti yangu ya kwanza niliiweka juu ya kabati mwaka mzima na joto la hapa unalijua. Nilipofungua, tairi moja lilikuwa limelala juu ya kioo cha mbele na limejichora pale, meno yote ya tairi yanahesabika, kama limepita juu ya lami mbichi. Kioo kile hakina spea. Gari ile mpaka leo haina kioo cha mbele, watoto wa dada yangu wanasema ni ya beach.

Yafunge kwenye karatasi, yaweke mbali na kila kitu.

Alafu hesabu vipande ukilinganisha na karatasi. Usivikate bado kwenye vitawi vyake, vile vijiti vya plastiki vinavyovishikilia. Ukikuta kimepungua, ni bora ujue leo kuliko usiku ambao gundi ishakauka upande mmoja.

## Hatua ya 2: Osha na nyoa

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki. Kiwandani walipaka mafuta ili plastiki itoke kwenye kalibu, na baada ya miaka 50 mafuta hayo bado yapo, na rangi haishiki juu yake. Ziba tundu la sinki kwanza. Usizibe uone.

Vikikauka, kagua. Seti za zamani kalibu zake zilikuwa zishachoka, kwa hiyo kingo za vipande zinakuwa na ngozi nyembamba ya plastiki, mimi naiita ndevu. Zinyoe kwa kisu kilicholala, unavuta kama unakuna, hukati. Na ukitoa kipande kwenye tawi, kata mbali na kipande chenyewe, acha kibaki kisiki cha milimita 2, alafu kisiki ukimalize kwa kisu na msasa. Plastiki ya umri huu imekuwa kavu, ukikata karibu inang'oka na nyama.

Angalia pia mshono, ule mstari mwembamba unaopita juu ya matao ya magurudumu na kwenye nguzo za paa. Watu wengi hawauoni mpaka rangi ishaingia ndo unajitokeza kama kovu. Pitisha ukucha, ukikwama, upo. Msasa 600 na maji.

Umefaulu ikiwa: ukucha unateleza bodi nzima kutoka taa mpaka taa bila kukwama.

## Hatua ya 3: Nyoosha bodi iliyopinda

Weka bodi juu ya kile kioo cha dirisha. Kama pembe moja inanyanyuka, imepinda, na zaidi ya nusu ya seti nilizoshika zimepinda kidogo kwa sababu ya kukaa chini ya masanduku mengine.

Chemsha maji, epua, changanya vikombe viwili vya moto kwa kimoja cha bomba. Maji yanayochemka usitumie, polistairini inaanza kulegea kabisa karibu na digrii 100 na bodi itakurudia kama chapati. Zamisha sehemu iliyopinda tu kama nusu dakika, itoe ukiwa na glavu, ipinde kidogo kupita pale unapotaka, ishikilie mpaka ipoe au iingize kwenye maji baridi ukiwa bado umeishika. Rudia. Mara tatu nne za upole ni bora kuliko moja ya nguvu.

Nguzo za paa ndizo zinazovunjika hapa, usizitumie kama mshikio. Shika bodi kwa chini.

Umefaulu ikiwa: bodi iko juu ya kioo na karatasi ya daftari haipiti chini ya pembe yoyote.

## Hatua ya 4: Milango, hapa ndo penyewe

Sasa tulia. Hii hatua inaweza kula wiki nzima na sioni aibu kusema mimi ilinila wiki mbili.

Tatizo la milango ya seti hizi ni kwamba unaijaribu ikiwa haina rangi, inaingia vizuri, unafurahi, unapaka rangi, alafu haingii tena. Fikiria: praima, rangi, na vanishi, kwenye ukingo wa mlango na kwenye ukingo wa bodi, pande zote mbili. Zikijumlika zikafika robo milimita tu, kwa gari halisi hiyo ni zaidi ya milimita 6. Gari gani mlango wake umenenepa milimita 6 ukafunga?

Kwa hiyo mlango ukiwa mtupu lazima ulegee. Fanya hivi:

Bandika mlango mahali pake kwa maskingi tepu kutoka nje. Geuza bodi, ishike mbele ya taa au dirisha, angalia mwanga unaopita kwenye ufa. Mwanga ndo fundi wako. Mahali unapopita sawasawa pako sawa, mahali umekatika hapo mlango unagusa. Weka alama kwa penseli.

Toa mlango, piga msasa 400 pale penye alama tu, mara tano sita, rudisha, angalia mwanga tena. Usipige msasa ukingo mzima kwa sababu utafungua ufa mahali palipokuwa sawa na plastiki hairudi. Kawaida panapogusa ni pembe ya chini mbele, karibu na bawaba, na juu nyuma karibu na kioo kidogo.

Unataka ufa unaopitisha vipande viwili vya karatasi ya daftari kila upande. Kwa macho utaona ni mkubwa, utaniona mimi mwendawazimu. Rangi itaujaza.

Jirani yangu ni fundi wa spray, mtu mzima, amenyoosha magari halisi tangu sijazaliwa. Siku aliyoniona nasukuma msasa kwa hasira aliniambia, "Mwanangu, unagombana na nani? Tia maji, acha msasa utembee." Nikamwonyesha mlango. Akauchukua kwa vidole viwili, akaupitisha kwenye bodi akiwa amefumba macho, akasema, "Hapa chini. Nywele moja." Alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo na mimi nafumba macho, kidole kinasikia kitu ambacho jicho halioni.

Kuhusu bawaba: nyingi za seti hizi zina waya au vipini vidogo vya plastiki vinavyoingia kwenye tundu. Vya plastiki vikishavunjika, na vitavunjika, tia waya mwembamba wa shaba, ule wa ndani ya waya wa simu unafaa. Supaglu kwa ncha ya sindano, usimimine kutoka kwa chupa. Nukta moja ikiteremka ndani ya bawaba, mlango umekufa.

Na kama baada ya haya yote mlango bado unakusumbua? Ufunge moja kwa moja kwa gundi, jaza ufa, chora mstari wa mlango kwa ncha ya kisu. Wapo watakaokuambia umedanganya. Gari yenye milango iliyofungwa vizuri inapendeza kuliko yenye milango inayofunguka na kukaa kama meno ya mzee, mimi msimamo wangu ndo huo.

Boneti na buti ni mchezo ule ule, ila boneti iangalie pia kwa ubavu, iwe usawa mmoja na mafenda. Ikiwa juu, kuna kitu chini kinaisukuma, kitafute hicho kwanza.

## Hatua ya 5: Unganisha gari zima bila tone la gundi

Watu wanairuka hii. Alafu wanakuja kwangu na gazeti.

Shikisha kwa tepu na rababendi: chasisi, sakafu ya ndani na siti, dashibodi, ukuta wa injini, injini yenyewe nusu nusu imeshikwa na tepu, magurudumu, redieta. Alafu vika bodi juu.

Seti nyingi za zamani, bodi lazima uitanue kidogo ipite kwenye sakafu ya ndani, na pale ndo nguzo zinapolia. Kama unatumia nguvu, kuna kitu kirefu. Mara nyingi ni paneli za milango za ndani, unazipunguza kwa chini, au dashibodi, unaipunguza milimita moja kila upande. Kitu kingine ni ukuta wa injini ukiwa juu sana, huo ndo unaoinua boneti. Mimi niliwahi kupiga msasa boneti jioni nzima kumbe mkosaji ni bomba la eafilta.

Angalia urefu wa gari kutoka chini mbele na nyuma. Angalia magurudumu yote manne yanagusa kioo. Andika kila ulichorekebisha kwenye karatasi ya maelekezo kwa kalamu nyekundu, sababu utasahau, kazi hii inachukua miezi.

Umefaulu ikiwa: bodi inavikwa na kuvuliwa bila kulia, boneti inalala, milango ipo, na hujatumia gundi hata tone.

Ukifika hapa umeshapita pale ambapo wengi hukwama.

## Hatua ya 6: Kujaza nyufa na vishimo

Kata vipande vya vitawi vilivyobaki, vitie kwenye chupa ndogo yenye gundi ya majimaji, acha usiku mmoja. Unapata uji wa plastiki ile ile, unaujaza kwenye ufa, ukikauka ni bodi yenyewe. Upe siku mbili kabla ya msasa, unanywea. Fila ya magari inafaa pia kwa vishimo vipana ila tia nyembamba nyembamba, ikiwa nene inapata joto na inapinda plastiki.

## Hatua ya 7: Kromu iliyochakaa

Bampa na grili za seti za zamani zinakuja zikiwa na kromu, mara nyingine imebabuka au imekuwa ya njano. Kama ni nzuri iache, osha tu. Kama mbaya, zamisha kwenye Jik ndani ya bakuli la plastiki. Mara nyingine dakika kumi tu, mara nyingine masaa mawili. Itayeyuka mbele ya macho yako. Chini yake unaweza kukuta vanishi ya njano, hiyo ilainishe kwa msasa 1000 na upake praima nyeusi inayong'aa kisha rangi ya kromu.

Fungua dirisha, vaa glavu, na Jik usiichanganye na dawa ya choo au kitu chochote chenye asidi au amonia. Hiyo gesi inaua, sikutishi.

Kromu haishiki gundi ya modeli. Pale gundi itakapogusa, kwangua kwa kisu mpaka uone plastiki.

## Hatua ya 8: Rangi, na unyevu wetu huu

Maelekezo ya Wazungu hayajui Mombasa. Wao wanaandika paka asubuhi kumetulia. Hapa asubuhi hewa imejaa maji, ukipaka saa moja ile rangi inakauka na ukungu mweupe kama maziwa yamemwagika. Sababu yake ni kwamba kimiminika cha rangi kikiruka haraka kinapoza uso wa bodi, na unyevu wa hewani unatua pale pale, kama chupa ya soda ya baridi inavyotoa jasho.

Mimi napaka kuanzia saa tano mpaka saa nane mchana, jua likiwa limekausha hewa kidogo. Kaskazi, Januari na Februari, ndo wakati mzuri kabisa. Mwezi wa tano mvua ikiwa imeshika sipaki kitu, nafanya injini na siti. Kama mvua imenyesha usiku, subiri hata siku mbili.

Feni izime. Najua joto. Feni inaleta vumbi na inakausha upande mmoja. Paka ndani ya katoni kubwa ya friji au TV kwenye baraza, mgongo wa katoni uangalie upepo wa baharini, na wewe uvae maski.

Kabla ya kugusa bodi, jaribu kwenye kijiko. Praima yako, rangi yako, vanishi yako, kwa mpangilio huo huo, siku hiyo hiyo. Rangi ya kopo la magari inaweza kuunguza plastiki. Kijiko kikitoka na makunyanzi, rangi hiyo si yako au umepaka nzito mno. Hakikisha kijiko ni kile kigumu kinachovunjika kwa mlio, vile laini vinavyopinda ni plastiki nyingine na havitakuambia ukweli.

Praima: mbili nyepesi, umbali wa sentimita 20 mpaka 25, anza kupuliza nje ya bodi, pita, malizia nje. Pita ya kwanza isifunike, iwe kama vumbi tu. Dakika 15 katikati. Washa taa uangalie kila kosa, praima ya kijivu haina siri. Rudi hatua ya 6 kama ni lazima. Mimi hurudi mara tatu na sioni vibaya.

Kama plastiki ya seti yako ni nyekundu na unataka gari nyeupe, pita kwanza na rangi ya fedha juu ya praima. Seti nyekundu za zamani rangi yake inapanda juu, utapata gari nyeupe, baada ya wiki imekuwa ya waridi.

Rangi: nyepesi mbili, kisha moja iliyolowa, ile inayong'aa ikiwa bado mbichi. Milango, boneti na buti zipakwe siku hiyo hiyo na kopo hilo hilo, zikiwa zimeshikiliwa na tepu kwa nyuma na zimeelekea upande ule ule zitakaokaa kwenye gari. Hasa rangi za metaliki, ukipaka mlango umelala na bodi imesimama utapata mlango wa rangi nyingine.

Ukungu mweupe ukitokea, usifute. Subiri siku kavu, pita juu na pita moja nyepesi ya rangi ile ile au vanishi, mara nyingi unaondoka.

Alafu acha. Funika na beseni, acha. Kama unataka kujua imekauka, usibonyeze, inuse kwa pua. Ikinuka bado. Hapa kwetu mimi hungoja wiki mbili. Ndipo msasa 2000 na maji mengi, kisha kompaundi ya kung'arishia magari kwa kitambaa laini. Kingo na mistari iliyoinuka ziepuke, rangi ni nyembamba pale, unapita mara tatu unaiona praima inakuchekea.

Umefaulu ikiwa: unaona nondo za dirisha lako kwenye paa la gari, na zimenyooka.

Toka hapa bodi ishike na glavu. Jasho letu lina chumvi.

## Hatua ya 9: Sasa ndo injini, siti na chasisi

Hapa karatasi ya maelekezo iko sawa, ifuate, ila soma kalamu yako nyekundu. Kila panapoingia gundi kwangua rangi, gundi ya modeli haishiki rangi. Ekseli zikaushe gari likiwa juu ya kile kioo, na karatasi iwe chini ya kila gurudumu. Karatasi inayotoka bure ni gurudumu linaloelea, lirekebishe gundi ikiwa bado laini.

Kabla ya kuvika tairi, zungushia rimu tepu ya fundi bomba raundi moja. Tairi lisiguse plastiki, umeshasikia habari ya kioo changu.

## Hatua ya 10: Stika za maji

Za zamani zinakuwa njano na zinavunjika ukizitia majini. Njano: ziweke kwenye folda ya plastiki inayoona, zibandike dirishani penye jua, angalia kila siku. Jua letu kazi hii linaijua, siku chache tu mara nyingi zinatosha. Kuvunjika: zipulizie vanishi nyepesi kwanza, zikauke, kisha kata karibu na mchoro. Jaribu kwa ile stika usiyoihitaji. Maji ya uvuguvugu, na usiivute kwenye karatasi, isukume iteleze.

Mistari ya kromu ubavuni: kalamu ya fedha ya duka la vitabu, mkono umelala juu ya kitabu, ukikosea futa kwa kijiti cha meno kikavu kabla haijashika.

## Hatua ya 11: Vioo, kisha funga

Vioo vyenye mikwaruzo visugue na dawa ya meno nyeupe na kitambaa, suuza. Vibandike na gundi nyeupe ya mbao, nukta nne tu, ikikauka haionekani na ikikosewa inatoka kwa maji. Supaglu hapa hapana kabisa, mvuke wake unaacha ukungu ndani ya kioo na hakuna wa kuufuta.

Vika bodi kama ulivyojaribu hatua ya 5. Nyuma kwanza, tanua kidogo, teremsha mbele. Kama hailii, ni hivyo hivyo. Kama inalia, simama, angalia rangi imeongeza wapi, kwangua ndani kusikoonekana. Gundi mahali pawili mbele, pawili nyuma, rababendi, usiku mmoja.

Milango iache wazi nusu usiku ule, isije ikashikana na rangi ya bodi. Bampa, vioo vya pembeni na antena ni kesho yake, mwisho kabisa, sababu ndivyo mkono unavyovivunja.

Iweke mahali pasipopigwa na jua la dirishani, ndani ya boksi la vioo kama unalo, na ugeuze gari kidogo kila miezi michache ili tairi zisilale upande mmoja. Na ukitaka kuileta niione, njoo nayo kwenye kiboksi chenye pamba. Gazeti linaacha wino.